Wa Mwisho Kwenye Foleni

Mwalimu aliponiambia kwamba tamasha letu litafungwa kwa wimbo wa mama yangu, nilimjibu "sawa" kwa sauti ileile ninayotumia kumwambia mteja kwamba dawa aliyoulizia imekwisha. Nina duka la dawa mjini Nyeri, karibu na stendi ya magari ya Othaya. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye benchi la wateja, koti limefungwa vifungo hadi shingoni kwa baridi ya Julai, akinitazama kama mtu anayesubiri maziwa yachemke. Alisubiri bure. Nilimpa vidonge vyake vya presha, nikamkumbusha avimeze baada ya kula, naye akaenda zake.

Mwalimu alifundisha muziki katika shule za wasichana mpaka alipostaafu. Ndiye aliyeniwekea chelo mikononi nikiwa kidato cha kwanza, ile fidla kubwa inayokaa katikati ya magoti, na akanipiga rula vidoleni mpaka nikaijua. Alipostaafu hakuweza kukaa kimya kama wastaafu wengine wanaofuga kuku. Alitukusanya watu watatu, yeye wa nne, tukawa kikundi. Yeye hupiga fidla ya kwanza. Fidla ya pili ni ya Haji, mzee wa Majengo anayeuza vitambaa, aliyerithi fidla na duka kutoka kwa baba yake. Fidla ya sauti nzito ni ya muuguzi mmoja anayetoka Wang'uru kila Jumamosi, na kwa kuwa huja pia na mchele wa kutuuzia, mazoezi yetu hunukia pishori. Chelo ni yangu.

Mwaka huu Mwalimu aliamua tupige nyimbo zilizotungwa na wanawake peke yao. Alisema amefundisha maisha yake yote kwa vitabu ambavyo kila mtunzi ana ndevu, na amechoka. Akatafuta nyimbo za wanawake wa Ulaya waliokufa zamani, waliotungia sebuleni watoto wakilia. Kisha akamkumbuka mama.

Mama yangu hakujua noti hata moja. Alijua kahawa. Tulikuwa na miti yetu kwenye mteremko, na msimu wa kuchuma ukifika, wanawake wote wa kilima chetu walikuwa wakishuka jioni hadi kiwandani na magunia mgongoni, mkanda umepita kwenye paji la uso, kupanga foleni wapimiwe. Foleni ilikuwa ndefu na mizani ilikuwa moja. Huwezi kuutua mzigo kila hatua, kwa sababu kuubeba tena ni kazi kubwa kuliko kusimama nao. Basi mama akatunga wimbo wa kusogea. Kwa Gikuyu maneno yake ni matamu kuliko nitakavyoyasema hapa: songa kidogo, mwenzangu wa mbele, nami nisonge, mzigo ni mzito, lakini mizani iko karibu. Aliyekuwa akisimama nyuma yake siku zote ni jirani yetu tuliyemwita Tata, ndivyo tunavyomwita shangazi, ingawa hatukuwa na damu moja. Tata ndiye aliyekuwa wa kwanza kuitikia, na foleni nzima ikafuata.

Sijui wimbo ulihama lini kutoka kiwandani kwenda makaburini. Nadhani kuna mzee wa kanisa aliyesikia neno mizani akafikiri ni ile ya mbinguni. Nilipopata akili nilikuta tayari unaimbwa kwenye mazishi, wakati watu wanapopanga foleni kumtazama marehemu mara ya mwisho. Unafaa sana kwa kazi hiyo, kwa sababu mwendo wake ni wa watu wanaotembea polepole na kitu kizito. Sasa unaimbwa kwetu, unaimbwa Karatina, unaimbwa hadi Chaka, na ukiuliza umetoka wapi utaambiwa uliletwa na wamishonari. Mama alikuwa akisikia hivyo anacheka mpaka anashika kiuno. "Wamishonari walibeba kahawa lini?" alikuwa akiuliza. Lakini hakumsahihisha mtu.

Wimbo huo una sheria yake, na hakuna anayehitaji kuitangaza. Hauishi kabla ya mtu wa mwisho kupita. Unaweza kurudiwa na kurudiwa, foleni ikiwa imetoka nje ya geti, lakini haukatwi. Ukiisha, watu wanajua kila mtu ameshaona, na jeneza linafungwa.

Mama alikufa Novemba, kahawa ikiwa imeiva. Asubuhi ya mazishi, ndugu zangu walikwenda kumchukua mochari na huko wakamtazama kama familia. Mimi nilitumwa kanisani kuchukua kinanda na spika, kwa sababu mpiga kinanda wa kanisa alikuwa na harusi Nanyuki, na katika ukoo wetu wote ni mimi tu ninayejua kupiga. Kaka yangu aliniambia, "Wewe utamwona nyumbani." Lilikuwa neno la maana. Nyumbani wakaniweka chini ya tenti, kando ya jenereta, kinanda juu ya meza ya jikoni. Foleni ikaanza, nikaanza kupiga.

Nilipiga muda mrefu. Mama alikuwa na watu. Foleni ilizunguka zizi la ng'ombe ikafika barabarani, na mimi nilitazama vidole vyangu kwa sababu kile kinanda kilikuwa na kibonyezo kimoja kilichokwama na ilibidi nikiruke. Mwishowe mzee wa kanisa alinitazama akatikisa kichwa kuonyesha kwamba watu wamekwisha. Nikafunga wimbo vizuri, kama nilivyofundishwa, taratibu, bila kugugumia. Nikasikia mfuniko ukishuka.

Walipokuwa wanalinyanyua jeneza ndipo nilipogundua kwamba sijapita.

Hakuna aliyekosea. Waliokuwa nyumbani walijua nimemwona mochari, na waliokuwa mochari walijua nitamwona nyumbani. Ningeweza kusema wafungue, nadhani wangefungua. Lakini watu walikuwa wameshaanza kutembea kuelekea kaburini, na mtu anaona haya kuisimamisha shughuli ya watu wengi hivyo kwa ajili yake. Nilichomoa waya za kinanda nikazikunja. Baadaye nilikula wali kwa maharagwe sahani nzima, nikaongeza. Nilisikia mwanamke mmoja akimwambia mwenzake, "Huyu ako na roho ngumu." Mwenzake akasema afadhali hivyo.

Tangu siku hiyo sikulia. Sisemi nilijizuia. Nilingoja kilio kama unavyongoja maji ya mfereji siku ya mgao: unafungua, unasikia upepo, unafunga. Jumatatu nilifungua duka. Kila siku wanakuja watu kuniambia miguu yao imekufa ganzi, nawauliza kama wana sukari, nawapa vidonge, nawaambia watembee. Dawa ya ganzi ya miguu ninayo. Usiku sikuota ndoto za mama. Nilijaribu kuukumbuka uso wake nikapata leso, nikapata mkono unaomenya viazi, nikapata sauti, uso sikuupata. Nilitaka kumwona mara moja tu nimuage. Hilo ndilo jambo lote, na lilikuwa jambo lisilowezekana, kwa hiyo sikulizungumza na mtu.

Basi Mwalimu akaja na tamasha lake.

Mazoezi tulifanyia katika jiko la ukumbi wa kanisa, kwa sababu ukumbi wenyewe ni baridi kama friji. Mwalimu aliniambia niimbe wimbo wa mama ili auandike kwa noti. Nikauimba kutoka mwanzo hadi mwisho kama mtu anayesoma bei. Aliandika, akafuta, akaandika, kisha akagawa sauti nne, na lazima niseme ilikuwa kazi nzuri. Chelo ilipewa sauti ya chini, ile iliyokuwa ikiimbwa na wanawake waliokuwa mwisho wa foleni, ambao kutoka mbali huwasikii vizuri.

"Tutaupiga mara mbili," Mwalimu alisema, "kisha tunaushusha polepole, tunanyamaza. Watu wakae na kimya hicho."

Haji alikuwa akifuta fidla yake kwa kipande cha kitambaa cha dukani kwake. "Mwalimu, mimi nimezika majirani wengi Wakristo," alisema. "Huu wimbo si wa kukaa. Mimi nikiusikia tu, miguu inauliza ni wapi."

"Kwenye tamasha watu hukaa, Haji."

"Haya," alisema Haji. Yule ni mfanyabiashara, anajua wakati wa kuacha kubishana na mteja.

Nilijua alichosema Haji ni kweli, nilijua pia kwamba mara mbili haitoshi, lakini nilikuwa nimefika mahali ambapo sikuwa na maoni. Hata picha sikutaka kuiona. Mwalimu alikuwa ameamua kupanga picha za watunzi wote mezani, kila mmoja kwenye fremu, ili watu wajue nyimbo hizi zilitoka kwa wanawake waliokuwa na pua na macho. Ya mama alipewa na kaka yangu. Niliambiwa imekuzwa kutoka kitambulisho chake, nikasema vizuri.

Siku ya tamasha ilikuwa Jumapili mchana, ukungu umeshuka hadi kwenye mabati. Nilifikiri tutavipigia viti vitupu. Lakini walikuja wanafunzi wa Mwalimu wa zamani, wengine sasa wakiwa na wajukuu. Wakaja majirani wa Haji kutoka Majengo, wamevaa vizuri kushinda sisi. Wakaja madaktari wawili ambao muuguzi wetu aliwaburuta. Na dakika chache kabla ya kuanza, likaingia basi zima la akina mama wa kanisa la kijijini kwetu, vitambaa vyeupe vichwani, chupa za chai mikononi, Tata akiwa mbele na fimbo yake. Kaka yangu ndiye aliyewaambia. Walikaa safu za nyuma wakaanza kumiminiana chai.

Meza ya picha ilikuwa imewekwa mbele, lakini nyuma ya mahali nilipokaa. Mpiga chelo hukaa pembeni, na meza ilikuwa nyuma ya mgongo wangu. Nilishukuru. Niliingia nikitazama sakafu, nikakaa, nikakaza uta.

Mwalimu aliwasalimu watu akawaeleza kwamba wimbo ukinyamaza katikati haujaisha, kwa hiyo wasipige makofi mpaka yeye ashushe fidla. Hiyo ilikuwa sawa na kumwambia ng'ombe asubiri chumvi. Tulipofika mapumziko ya kwanza ya wimbo wa kwanza, akina mama wa nyuma walipiga makofi, mmoja akapiga na kigelegele. Mwalimu alitabasamu kwa meno. Kwenye wimbo wa pili, ambao ni wa polepole sana, niliona safu mbili zimeinamisha vichwa na kufumba macho. Walidhani ni maombi. Na mwishoni kuna mtu alisema "Amina," na hapo hata Haji aliuma mdomo. Nilipiga noti zangu zote sawasawa. Mikono yangu haikuwa na shida. Ilikuwa kama nahesabu vidonge.

Kisha Mwalimu akasimama akasema wimbo wa mwisho si wa Ulaya. Akasema ulitungwa na mwanamke wa hapa, kwenye foleni ya kiwanda cha kahawa, na hakuna mmishonari aliyeugusa. Akamtaja mama kwa jina lake lote. Nilisikia akina mama wa nyuma wakiguna. Nilikuwa sijawahi kusikia jina lile likisemwa kwenye kipaza sauti ila siku ya mazishi.

Tukaanza. Fidla ya kwanza peke yake, kama mama alivyokuwa akianza, kisha Haji akaitikia pale alipokuwa akiitikia Tata, kisha sisi wengine. Hatukuwa tumemaliza mstari wa pili niliposikia benchi likilia. Nikainua macho. Akina mama walikuwa wamesimama.

Nilifikiri wamesimama kwa heshima. Mwalimu pia alifikiri hivyo, nilimwona akifurahi. Lakini walianza kusogea. Waliweka vikombe chini, wakatoka kwenye viti mmoja mmoja, wakajipanga kwenye njia ya katikati, na foleni ikaanza kuja mbele, polepole, hatua moja kwa kila mstari. Wanafunzi wa zamani wakatazamana, kisha nao wakasimama, kwa sababu hakuna mtu wa milimani hapa asiyejua wimbo huu una kazi gani. Watu wa Majengo wakafuata, mikono wameikutanisha mbele. Hata madaktari.

Walipita nyuma yangu. Nilisikia viatu na fimbo. Nilisikia wakisimama kidogo kwa kila picha, kwa sababu ukiwa kwenye foleni unatoa heshima kwa wote uliowakuta. Mmoja alisema chini chini, "Huyu naye maskini, alikuwa mdogo ivi," nadhani kwa mtunzi mmoja wa Ulaya aliyekufa zaidi ya miaka mia iliyopita.

Tulifika mwisho wa mara ya pili. Foleni ilikuwa haijafika hata nusu. Mwalimu alitutazama, uta umening'inia. Haji hakungoja. Alirudi mwanzo, Mwalimu akamfuata, na sote tukafuata. Tukarudia mara ya tatu. Tukarudia tena. Vidole vilianza kuniuma. Nilikuwa nimekaa vilevile nilivyokaa Novemba, napiga wimbo uleule, watu walewale wanapita kumwona mama yangu, na mimi natazama vidole. Nilihisi hasira kidogo. Ilinishangaza, maana hata hasira sikuwa nimeiona muda mrefu.

Foleni ilipokuwa inakwisha, mtu alisimama mbele yangu. Alikuwa Tata. Alikuwa amekuja kwa upande wangu badala ya kwenda mezani.

"Wewe umepita?" aliniuliza.

"Nipite wapi, Tata? Napiga."

"Ata ile siku ulikuwa unapiga." Hakushusha sauti, wala hakuipandisha. Alisema Kiswahili, nadhani kwa heshima ya Haji na muuguzi waliokuwa wakisikia. "Mimi ndio nilikuwa wa mwisho kwa laini. Nikaangalia nyuma yangu, hakuna mtu. Nikasema, na huyu msichana ataona mama yake saa ngapi? Lakini ukamaliza wimbo, na mfuniko ikafungwa. Sasa ningesema nini mbele ya watu?"

Uta wangu ulikuwa bado unakwenda. Nilikuwa nimekaa na jambo hilo miezi yote hiyo nikidhani ni mimi tu ninayelijua.

"Weka hiyo kitu chini, mwari," alisema. Mwari ni binti. "Sisi tutaimba."

Nilimtazama Mwalimu. Huyu ni mtu aliyewahi kunitoa nje ya darasa kwa kuchelewa nusu ya pigo. Aliinamisha kichwa, akateremsha fidla yake magotini. Muuguzi akaacha. Haji alikuwa wa mwisho kuacha, na kabla hajaacha, akina mama waliokwisha kupita, waliosimama kando ya ukuta, walikuwa wameshauchukua wimbo. Hawakuuchukua kwa nguvu. Waliuimba kama watu wenye mizigo.

Nililaza chelo ubavuni. Nikasimama, goti likapiga kiti. Tata alinishika mkono akatangulia, kisha akageuka nyuma kuniangalia kama niko. "Leo wewe ndio wa mwisho," alisema.

Tulipita wanawake wa Ulaya mmoja baada ya mwingine, na kola zao za lesi, na nywele zilizobanwa, na mmoja aliyeshika ua asijue la kulifanyia. Tata aliwatikisia kichwa kila mmoja. Alifika kwa mama, akasimama, akasema kitu kwa Gikuyu ambacho kilikuwa chao wawili. Kisha akasogea.

Nikasogea.

Picha ilikuwa imekuzwa kupita uwezo wake, kwa hiyo ukikaribia ilikuwa na ukungu. Leso ilikuwa imefungwa kombo. Mdomo ulikuwa wa mtu aliyeambiwa na mpiga picha asicheke, akatii kwa shida. Na kwenye paji la uso, chini ya leso, kulikuwa na ule mfereji mdogo, alama ya mkanda wa gunia, ambao nilikuwa nikiupitishia kidole nikiwa mtoto nimebebwa. Nilikuwa nimeusahau kabisa. Nikauona, na uso wote ukarudi, ukakaa mahali pake.

Wateja wangu huwa nawaambia kwamba ganzi ikianza kutoka huuma, wasiogope. Iliuma. Ilianzia kifuani ikashuka hadi mikononi, nikashika ukingo wa meza, nikalia kwa sauti mbele ya madaktari na watu wa Majengo na mwalimu wangu, na sikuona haya.

Nyuma yangu hapakuwa na mtu. Wimbo ulifika mwisho wa ubeti, na nikajua kwamba nikisogea hatua moja tu, utaisha, kwa sababu sheria ni sheria. Sikusogea. Nikamsikia Tata akivuta pumzi, na wote wakaanza tena kutoka mwanzo.